Ua la Shaba na Kisiki Kilicholala: Kile Makumbusho Yanaweza Kutufundisha juu ya Udongo wa Katanga



Siku hizi maneno «maendeleo ya kudumu» yako kwenye kila bango. Kuna semina, kofia, tishati, na mwishoni picha ya pamoja. Siye wa agronomia tunaalikwa sana kwenye hizo semina, na tunaendaga, juu chakula cha saa sita kinakuwaga kizuri. Lakini katika semina zote nilizofuata tangu nipate lisansi, hakuna hata moja iliyofanyika ndani ya makumbusho. Wanatufundisha msitu kwa picha za setilaiti na udongo kwa michoro iliyotoka Ulaya, halafu tunaenda kijijini kuwaambia watu wabadilishe tabia. Historia ya udongo wenyewe, na ya watu walioutumia kwa zaidi ya miaka elfu moja, tunaiacha ilale nyuma ya vioo.

Naona hiyo ni hasara kubwa, na leo nataka kueleza kwa nini. Nitachukua mfano mmoja tu, ule ulio karibu nami: shaba ya Katanga, na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, ile tunaitaga «muze».

1. Nyumba ilianza namna gani

Mji wa Élisabethville ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu moja: shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilianza kutoa shaba yake ya kwanza. Makumbusho yalikuja baadaye, mwaka 1937, kwa kazi ya Francis Cabu. Yalipewa jina la Léopold II, na hilo peke yake linatuambia yalitengenezwa kwa macho ya nani.

Ndani yake viliwekwa vitu vya namna mbili. Kwanza vitu vya mila: sanamu, viti vya wafalme, ngoma. Pili, vitu vilivyochimbwa udongoni: vyungu, mawe, vyuma, misalaba ya shaba. Nyumba nyingi za namna hii zinajulikana kwa vitu vya aina ya kwanza. Mimi leo nitazungumzia vya pili, juu njo vinavyosema na mwanaagronomia.

Baada ya uhuru, nchi ilijaribu kuichukua historia yake mikononi. Mwaka 1970 iliundwa taasisi ya makumbusho ya taifa, na tarehe 4 mwezi wa 10 mwaka 1973 Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akadai mali ya sanaa ya nchi maskini irudishwe. Tervuren ilirudisha sehemu ndogo. Mwaka 2019 makumbusho mapya ya taifa yalifunguliwa Kinshasa kwa msaada wa Korea ya Kusini, na mwezi wa 2 mwaka 2022 serikali ya Ubelgiji ilitukabidhi orodha ya vitu karibu 84.000 vya Kongo vilivyoko kule. Tunabishana sana juu ya hiyo orodha, na tuna haki. Lakini swali langu linakuja kabla ya hapo: vile vilivyo hapa kwetu tayari, tunavisoma?

2. Makaburi ya Sanga

Kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, kuna mahali panaitwa Sanga. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimba huko, mwaka 1958 akafuata Jean Hiernaux, na tangu miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendelea na kazi. Walichokuta ni makaburi mengi sana ya watu waliokaa katika lile bonde tangu karne ya 7 hivi, kizazi kwa kizazi.

Katika makaburi ya kati ya karne ya 10 na ya 13 walikuta vyungu vilivyofinyangwa kwa ufundi mkubwa, vyusa vya kuvulia samaki, shoka, bangili za shaba na mifupa ya samaki na wanyama waliowekwa kama chakula cha marehemu. Shaba haichimbwi Sanga. Ilitoka mbali, upande wa kusini, kule ambako leo ni Kolwezi, Likasi, Lubumbashi. Kwa hiyo kulikuwa na biashara: watu wa maji na watu wa mawe walikuwa wakihitajiana.

Kisha inaonekana ile misalaba midogo ya shaba ambayo sisi wote tunaijua, ile iliyowekwa hata kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Mwanzoni ni mikubwa na michache, kitu cha heshima. Karne zinavyopita inakuwa midogo, mingi na yenye kipimo karibu sawa. Wataalamu wanasoma hapo kwamba ilianza kutumika kama feza. Mwanafunzi wa uchumi akisimama mbele ya kioo kimoja tu chenye misalaba iliyopangwa kwa umri, anaelewa kwa dakika tano kile profesa anaeleza kwa saa mbili.

Na mwanafunzi wa agronomia? Yeye aangalie mifupa ya samaki. Bonde lililolisha watu wengi kwa zaidi ya miaka elfu moja linatufundisha kwamba chakula na migodi havikutengana hata siku moja. Leo tunaongea Katanga kama vile ni mawe tu, na bukari tunangojea unga utoke Zambia.

3. Wakula shaba

Mwaka 1926 mmisionari Mbenedikto, Jean-Félix de Hemptinne, alichapisha maelezo ya kazi ya Wayeke wa zamani. Aliwaita «wakula shaba», kwa kufuata namna wenyewe walivyosema. Mtu wa Kiswahili anaelewa mara moja: kula hapa ni kupata faida, kama tunavyosema kula feza.

Wayeke walikuwa wamefika kutoka upande wa Tanzania ya leo, katika biashara ya shaba na pembe. M'siri alijenga ufalme wake Bunkeya, mpaka alipouawa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891 na kikosi cha Stairs. Misafara hiyo ya biashara ni moja ya njia zilizoleta Kiswahili katika nchi yetu. Lakini ufundi wa shaba waliukuta hapa, kwa wenyeji waliochimba kabla yao.

Kile kinachonigusa mimi katika maelezo hayo ni kalenda. Watu hawakuchimba mwaka mzima. Walingoja mavuno yaishe. Mwanzoni mwa kiangazi, mtama ukiwa umeingia gala, njo walitoka kwenda vilimani. Wanawake na watoto waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, juu ya ardhi, na kuliosha mtoni kwa vikapu. Wanaume walichimba mashimo kwa majembe ya chuma. Tanuru zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, juu huo unavumilia moto. Makala ilichomwa kwa miti migumu, na mivukuto ya ngozi ilipuliza hewa. Mvua za kwanza zikikaribia, kazi ilisimama. Kila mtu alirudi shambani.

Basi, wandugu, hebu tuliangalie hili kama watu wa sayansi. Kalenda ile ilikuwa breki. Hakuna aliyeandika sheria ya kulinda mazingira, lakini shamba lenyewe liliuzuia mgodi usile mwaka mzima. Mashimo yalijaa maji ya mvua, miti iliyokatwa ilipata miezi ya kuchipua, na wachimbaji walibaki wakulima. Tunachokiona leo katika wachimbaji wa mkono, vijana wa umri wetu waliomo shimoni mwezi wa 1 kama mwezi wa 7, na mashamba ya wazazi wao yamebaki majani, ni ile breki iliyovunjika.

4. Ua linalokumbuka

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo, kwangu, lingetosha kumshawishi mtu yeyote kwamba botania na historia ni ndugu.

Kuna mmea mdogo, jamii moja na mrehani, wenye maua ya rangi ya zambarau. Jina lake la kisayansi ni Haumaniastrum katangense. Watu wanauita ua la shaba. Unaota pale ambapo udongo una shaba nyingi mno, pale mimea mingine inashindwa. Watafuta madini waliutumia kama alama.

Lakini watafiti waligundua kwamba wakati mwingine ua hilo linaota mahali ambapo hakuna shaba ya asili chini yake. Linajaa katika kiwanja kidogo, karibu na kichuguu, katikati ya msitu wa kawaida. Kwa nini? Mwaka 1982 Guy de Plaen, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Lubumbashi, pamoja na François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefundisha miaka mingi hapa, na Robert Brooks, walichapisha jibu. Walichimba kwenye viwanja hivyo wakakuta mabaki ya tanuru, mirija ya udongo ya mivukuto na vipande vya shaba. Ua lilikuwa linaonyesha viwanda vya wazee.

Tafsiri ya jambo hilo ni nzito. Wale wazee waliyeyusha shaba kwa tanuru ndogo, kwa miezi michache ya mwaka. Waliondoka karne nyingi zilizopita. Vijiji vyao vimesahauliwa, majina yao hatuyajui. Lakini udongo haujasahau. Sumu kidogo waliyoiacha bado imo, na ua bado linaisoma.

Njo maana ninasema: usimwambie mwanafunzi kwamba metali nzito hazioziagi udongoni. Mpeleke aone ua, halafu mwonyeshe ule mrija wa udongo ndani ya kioo. Hatasahau mpaka kufa.

5. Mlima mweusi wetu

Ukishaelewa ua la shaba, tazama bomba refu la kiwanda cha Lubumbashi na ule mlima mweusi wa masalio ulio kando yake, ule uliowekwa hata kwenye picha za kuuzia watalii. Wazee walifanya kazi kwa msimu. Kiwanda kilianza mwaka 1911 na kilitoa moshi mchana na usiku kwa miaka mingi, na upepo ukaupeleka upande mmoja zaidi, juu ya kartieri kama Penga Penga. Huko kuna maeneo ambayo nyasi hazioti vizuri mpaka leo.

Wanaagronomia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamefanya kazi ya uvumilivu huko. Walijaribu nyasi zinazovumilia shaba, kama Microchloa kunthii, na miti iliyopandwa katika mashimo yaliyojazwa udongo pamoja na chokaa na mbolea. Kwa upande wa afya, mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kobalti nyingi sana katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kwa hiyo hatuongelei maua tu. Tunaongelea lengalenga za sokoni na watoto wanaocheza kwenye vumbi.

Tena kuna kichekesho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kuuyeyusha upya ule mlima wa masalio, juu ndani yake mna kobalti. Takataka ya babu imekuwa mali ya mjukuu. Lakini sumu ya babu pia ni urithi wa mjukuu. Vyote viwili vinastahili kuwekwa kwenye kioo kimoja, na mtoto wa shule aulizwe: wewe ungegawa namna gani?

Na vilima vyenyewe? Katika vilima vya shaba vya Katanga mna mimea ambayo haipatikani mahali pengine popote duniani. Kila kilima kinachopasuliwa kinaweza kuondoka na ukoo mzima wa mmea. Sanamu ikiibwa, tunaweza kuidai Brussels. Mmea ukiisha, tutaudai wapi?

6. Kisiki kilicholala

Lubumbashi inapika kwa makala. Umeme ukikosekana siku tatu, hata nyumba zenye jiko la umeme zinatuma mtoto akanunue mfuko. Duara la msitu uliokatwa kuzunguka mji linapanuka kila mwaka, na wachoma makala wanakwenda mbali zaidi kutafuta muputu na mutondo. Pamoja na miti vinaondoka viwavi, uyoga, asali, na hata viazi vidogo vya pori vya kutengenezea kikanda.

Miaka mitatu iliyopita nilifanya kazi ya muda katika mradi mmoja wa kupanda miti. Waliokuwa na feza waliamua tangu mjini aina ya miti na idadi ya miche. Kijiji hakikuulizwa. Miche ililetwa kwa gari, ikapandwa, ikapigwa picha. Mbuzi waliimaliza kabla ya mvua ya pili.

Wakati huo mzee mmoja, aliyewahi kuchoma makala maisha yake yote, alinipeleka nyuma ya nyumba yake. Kulikuwa na visiki vya miti aliyokata zamani, na kila kimoja kilikuwa na machipukizi yaliyofika juu ya kichwa changu.

«Ona huyu,» alisema, «hakukufa. Alilala tu. Bale benye kuleta miti mu gari, habakuuliza kama tuko na ingine yenye kulala.»

Alikuwa anasema kile vitabu vyetu vinasema: miti mingi ya miombo inachipua upya kutoka kwenye kisiki na mizizi, ukiilinda na moto mkali wa mwisho wa kiangazi na usipolima palepale. Alijua pia kwamba moto wa mapema, mwezi wa 5 au wa 6 majani yakiwa bado na unyevu, hauumizi kama ule wa mwezi wa 10. Na alijua majina. Kwa nusu saa alinitajia miti zaidi ya ishirini, mingine kwa Kilamba na Kibemba, kila mmoja na kazi yake: huu wa mpini, huu wa dawa ya tumbo, huu makala yake inatoa cheche, usiupeleke sokoni.

Nilijiuliza: mzee huyu akifa, hayo majina yanaandikwa wapi? Ujuzi wake ni kitu cha makumbusho sawa na msalaba wa shaba. Ni kisiki pia. Kimelala, na kinangoja mtu asikichome.

7. Tusiwageuze wazee kuwa malaika

Najua kuna atakayeandika hapo chini: «Basi turudi zamani?» Hapana. Wazee walikata miti pia. Waliacha shaba udongoni, tumeliona hilo kwa ua. Kilimo chao cha kukata matawi na kuyachoma ili kupata majivu kilifaa pale watu walipokuwa wachache na msitu ulipata miaka ishirini na zaidi ya kupumzika. Leo Lubumbashi ni mji wa mamilioni. Hatuwezi kunakili kalenda ya wakula shaba, kama vile hatuwezi kulipa masomo ya mtoto kwa misalaba ya shaba.

Kile tunachoweza kuchukua ni namna ya kuuliza. Kazi hii inasimama lini ili udongo upumue? Nani anabaki kuwa mkulima? Tunachokiacha, nani atakisoma miaka mia tano ijayo? Hayo ni maswali ya maendeleo ya kudumu, na hatukuyapata kutoka semina ya mtu yeyote. Yamo katika historia yetu.

Ulimwengu wa makumbusho wenyewe umeanza kuelewa. Mwezi wa 8 mwaka 2022, katika mkutano wake wa Prague, baraza la kimataifa la makumbusho, ICOM, lilikubali maelezo mapya ya neno «makumbusho». Kwa mara ya kwanza mliwekwa ndani yake kazi ya kuendeleza uendelevu, pamoja na ushiriki wa jamii. Na hapa Lubumbashi tulikuwa tumeanza mapema. Tangu mwaka 2000 hivi, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wa Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, ulikusanya kumbukumbu na vitu vya watu wa kawaida wa mji huu, na kuonyesha kwamba historia inakaa pia katika sufuria ya mama na baiskeli ya baba.

8. Kazi tunayoweza kuianza

Siyo lazima tungoje serikali wala mfadhili. Naona mambo matatu.

Kwanza, bustani ndogo. Mita chache za mraba zenye ua la shaba na nyasi za vilima, katika udongo wa machimbo uliozungushiwa vizuri, na maandishi kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuitunza.

Pili, daftari la majina. Kila mmoja wetu anayerudi kijijini wakati wa likizo achukue majina kumi ya miti kutoka kwa mzee mmoja: jina, lugha, kazi yake, mahali inapoota, jani lililokaushwa katikati ya gazeti. Watu hamsini ni majina mia tano. Hata nusu ikijirudia, bado ni kitu ambacho hakipo kwenye maktaba zetu.

Tatu, matembezi. Darasa lianze makumbusho mbele ya vyungu vya Sanga, lipite kwenye mlima mweusi, limalizikie Penga Penga penye miti ya majaribio. Ni asubuhi moja. Gharama ni basi na maji ya kunywa.

Mimi niko tayari kuongoza matembezi ya kwanza, Jumamosi yoyote tutakayokubaliana. Wa historia walete historia yao, wa jiolojia walete nyundo, wa udaktari waje watueleze kobalti. Kabla ya siku hiyo, kila mmoja aulize nyumbani swali moja tu: makala inayopika bukari yetu ilitoka kwa mti gani, na kisiki chake kiko wapi? Andikeni majibu hapa. Yale mtakayoyaleta njo yatakuwa ukurasa wa kwanza wa daftari.